Mbinu Mpya, Mazoea Yale Yale



Siku hizi ni vigumu kwa mwananchi kumaliza wiki nzima bila jambo lake lolote kupita ndani ya kompyuta. Ada ya shule, leseni ya biashara, bili ya maji, hati ya kiwanja, bima ya afya, na hata mshahara wa mwalimu aliyeko kijijini, vyote hivi hutegemea programu ambazo kuna watu wameketi mahali fulani wakazitengeneza. Programu ikiwa nzuri hakuna anayeikumbuka. Ikiwa mbaya, foleni hurefuka hadi nje ya mlango, na karani aliyeko dirishani huwa na jibu moja tu: mtandao unasumbua, njoo kesho.

Wakati mwingine kweli ni mtandao. Lakini mara nyingine kinachosumbua ni kwamba programu ile ilitengenezwa na watu ambao hawakuwahi kumwona karani yule akifanya kazi, ikapokelewa na wakubwa ambao hawataitumia hata siku moja, kisha ikazinduliwa kwa hotuba na kukata utepe kabla ya mtu yeyote kuijaribu kwa dhati. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Katika mazungumzo ya leo napenda tuangalie mbinu za kutengeneza bidhaa, na hasa namna timu za watengeneza programu zinavyojaribu kuzitia mbinu hizo katika vitendo. Msikilizaji anaweza kudhani kwamba hayo ni mambo ya wataalamu na vitabu vyao. Sivyo. Fedha zinazotumika, ziwe kodi au ada, ni zetu, na foleni ni yetu.

Tuanze na mtindo wa zamani. Kwa miaka mingi programu kubwa zilitengenezwa kama mbio za kupokezana vijiti. Kundi la kwanza huandika mahitaji yote, mwanzo hadi mwisho, katika kitabu kinene. Humpa kijiti mchoraji wa mfumo, naye humpa mtengeneza programu, naye humpa mjaribu, na mwisho kabisa, pengine baada ya miaka mitatu, mtumiaji huletewa mzigo na kuambiwa: haya, tumia. Kama kulikuwa na kosa katika ukurasa wa kumi wa kile kitabu, ndiyo kwanza linaonekana, na kulirekebisha ni sawa na kung'oa msingi wa nyumba iliyokwisha kuezekwa. Jambo la kushangaza ni kwamba mhandisi Winston Royce wa Marekani, ambaye makala yake ya mwaka 1970 huhesabiwa kuwa chimbuko la mtindo huo, alionya ndani ya makala hiyo hiyo kwamba kuufuata kikavu namna hiyo ni hatari na ni kukaribisha kushindwa. Watu waliuchukua mchoro, wakaliacha onyo.

Mwaka 1986 wasomi wawili wa Kijapani, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, walichapisha makala katika jarida la Harvard Business Review. Walikuwa wamechunguza jinsi kampuni kama Honda, Canon, Fuji-Xerox na NEC zilivyotengeneza magari, kamera, mashine za kunakili na kompyuta. Waliona kwamba kampuni zilizofanya vizuri hazikukimbia mbio za vijiti. Zilicheza kama timu ya raga: watu wa fani zote wako uwanjani kwa wakati mmoja, mpira unapasiwa huku na huko, na wote wanasonga pamoja. Katika raga, lile kundi la wachezaji wanaoinama na kusukumana kugombea mpira huitwa skramu. Jina hilo ndilo lililochukuliwa na Mmarekani Jeff Sutherland mwaka 1993 alipoliingiza wazo lile katika kazi ya programu, na mwaka 1995 yeye na mwenzake Ken Schwaber waliieleza mbinu hiyo mbele ya wataalamu wenzao mjini Austin, Texas. Kisha mwezi Februari 2001, watengeneza programu 17, wakiwemo hao wawili, walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah, wakatoa tamko fupi. Tamko hilo lilithamini watu na maelewano yao kuliko taratibu na zana. Programu inayofanya kazi kuliko makaratasi mengi. Ushirikiano na mteja kuliko mabishano ya mkataba. Na kuitikia mabadiliko kuliko kushikilia mpango.

Mbinu yenyewe si ngumu kueleza. Anakuwapo mtu mmoja anayeitwa mwenye bidhaa. Huyo anaweka orodha ya mambo yote yanayotakiwa, la muhimu zaidi likiwa juu. Timu ndogo, aghalabu watu wasiozidi kumi, inachukua mambo machache ya juu na kuyafanya kwa wiki mbili. Kila siku wanakutana kwa dakika kumi na tano kupeana habari na kutaja kinachowakwamisha. Wiki mbili zikiisha wanaonyesha kitu kinachofanya kazi, si karatasi, mbele ya watu watakaokitumia. Wanasikia maoni, wanajiuliza wenyewe walipokosea, wanaipanga upya ile orodha, na mzunguko unaanza tena. Basi.

Sasa, ndugu wasikilizaji, kama ni rahisi hivyo, kwa nini hushindikana mara nyingi? Ili kulijibu swali hilo, tutazame mfano mmoja ambao kumbukumbu zake ziko wazi, kwa kuwa ulikaguliwa na wakaguzi wa serikali ya Marekani hatua kwa hatua.

Mwaka 2001 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, pamoja na sifa zake zote duniani, lilikuwa bado linaendesha majalada ya kesi kwa karatasi nyingi na kompyuta za mtindo wa kizamani. Baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba mwaka huo, ilionekana wazi kuwa habari zilizokuwa katika ofisi moja hazikuwa zikiifikia ofisi nyingine ipasavyo. Kampuni moja kubwa ikapewa kazi ya kutengeneza mfumo wa majalada ya kompyuta. Mahitaji yaliandikwa katika kitabu cha kurasa zaidi ya 800. Kazi ilipoendelea, shirika likawa linadai mabadiliko, kampuni nayo ikawa inalalamika kwamba mabadiliko hayaishi. Mwaka 2005 mradi mzima ulitupwa, na takriban dola milioni 170 zilikuwa zimekwisha kutumika.

Mwaka 2006 shirika likaanza upya. Mfumo mpya ukapewa jina la Sentinel, yaani mlinzi, na kazi akapewa mkandarasi mwingine, Lockheed Martin. Gharama ilipangwa dola milioni 425, kwa awamu nne, na mwisho uwe Desemba 2009. Mipango ilikuwapo, ratiba zilikuwapo, vikao vilikuwapo. Lakini ilipofika Agosti 2010, bajeti ilikuwa imepandishwa hadi dola milioni 451, na milioni 405 kati ya hizo zilikuwa zimekwenda, huku awamu mbili tu kati ya nne zikiwa zimekabidhiwa. Wataalamu wa nje walikadiria kwamba kwa mwendo ule ingehitajika miaka sita mingine na si chini ya dola milioni 351 za ziada.

Hapo ndipo wakuu wa kompyuta wa FBI walipofanya uamuzi mgumu. Mwezi Septemba 2010 walitangaza kuichukua kazi mikononi mwao wenyewe na kuiendesha kwa mbinu hii ya mizunguko mifupi. Badala ya kuongeza watu, waliwapunguza. Wafanyakazi wa mkandarasi, waliokuwa takriban 220, wakabaki 40. Wa shirika lenyewe, waliokuwa 30, wakabaki 12. Mahitaji yote yakapangwa katika visa vifupi takriban 670, kila kimoja kikieleza jambo ambalo mtumiaji anataka kulifanya. Kila baada ya wiki mbili timu ilionyesha ilichokimaliza.

Je, mambo yalinyooka kama mshale? Hapana. Waliahidi kumaliza kwa mwaka mmoja, wakachelewa. Mwezi Oktoba 2011 waliwaweka wafanyakazi wengi wautumie mfumo kwa pamoja kama majaribio, na mfumo ukazimika, kwa sababu mitambo iliyokuwapo haikumudu mzigo. Lakini angalia tofauti, ndugu msikilizaji. Safari hii ubaya ulijulikana wakati bado kuna nafasi ya kununua mitambo mingine na kurekebisha, si baada ya mlango kufunguliwa. Tarehe 1 Julai 2012 Sentinel ilianza kutumika katika shirika zima, ndani ya ile bajeti ya dola milioni 451. Hata hivyo wakaguzi waliporudi mwaka 2014 walikuta wengi wameridhika kwa jumla, lakini pia walikuta manung'uniko, hasa kuhusu namna ya kutafuta habari ndani ya mfumo. Mbinu hii si dawa ya kila ugonjwa.

Kuna watakaosema kwamba kilichookoa mradi ule ni vile vikao vya dakika kumi na tano. Mimi sikubaliani nao. Kilichobadilika ni mambo matatu, na yote matatu yanahusu madaraka. Kwanza, mwenye shida ndiye aliyeshika usukani. Hakumwachia mkandarasi kisha akakaa kungoja ripoti. Pili, orodha ilipangwa kwa umuhimu, maana yake mtu alikubali kubeba lawama ya kusema hili litangulia na lile litasubiri. Tatu, ukweli ulionekana kila baada ya wiki mbili mbele ya macho ya watu. Ripoti inaweza kusema kazi imefikia asilimia tisini kwa mwaka mzima. Programu ikifunguliwa mezani haiwezi kusema uongo: ama inafanya kazi, ama haifanyi.

Tukitaka mfano wa karibu zaidi, tunaubeba mfukoni. Mwezi Oktoba 2005 watu wa Vodafone na Safaricom walianza majaribio nchini Kenya, pamoja na asasi ya mikopo midogo iitwayo Faulu, yakiwemo maeneo ya Thika. Wazo lilikuwa moja na lilikuwa jembamba: mkopaji alipe rejesho lake kwa simu badala ya kubeba fedha mkononi. Wateja hawakufika 500. Waendeshaji wa mradi hawakukaa ofisini. Waliwafuata wateja na kutazama wanafanya nini hasa. Wakagundua kwamba watu wanafanya mambo ambayo hayakuandikwa popote. Wengine walilipiana mikopo kwa kutumiana fedha. Wafanyabiashara walilipana wao kwa wao. Wengine waliifanya simu kuwa kabati la kulaza mauzo ya siku, kwa kuwa benki zilikuwa zimekwisha kufungwa. Na wapo walioweka fedha kabla ya safari wakazitoa walikofika, ili wasiibiwe njiani. Upande wa pili, lile wazo la awali la marejesho lilileta matatizo: vikundi vya wakopaji viliishi kwa kukutana, na simu iliwapa watu sababu ya kutofika kikaoni.

Ingekuwa rahisi kwa wakubwa wa mradi kusema kwamba wateja wanakosea kuitumia. Walifanya kinyume. Waliliacha lile wazo la marejesho, wakachukua kile ambacho watu walikwisha kukichagua wenyewe. Mwezi Machi 2007 M-Pesa ilipozinduliwa rasmi, haikutangazwa kama njia ya kulipa mikopo. Ilitangazwa kama njia ya kutuma fedha nyumbani. Yaliyofuata kila mmoja wetu anayajua.

Lakini mfano huo una upande wa pili. Vodacom ilipoileta huduma hiyo hapa Tanzania mwaka 2008, haikushika kwa kasi ya Kenya, na ilibidi namna ya kupata na kusimamia mawakala ibadilishwe. Afrika Kusini ilianzishwa mwaka 2010, na mwaka 2016 ikafungwa. Kwa maana hiyo, hata bidhaa iliyofanikiwa haihamishwi kama gunia la mahindi. Ikifika kwa watu wengine, kazi ya kutazama na kusikiliza inaanza upya.

Tukirudi katika ofisi zetu, za serikali na za watu binafsi, hatuna upungufu wa semina za mbinu hizi. Vyeti vimo ukutani, ubao wa karatasi za rangi umo, na majina mapya ya vyeo yapo. Mbinu imeingia mlangoni, lakini mazoea ya zamani yameketi kwenye kiti.

Kile kikao kifupi cha asubuhi, ambacho kilikusudiwa wenzake wasaidiane, kimegeuka gwaride. Mkubwa anasimama mbele, kila kijana anatoa hesabu ya jana, na hakuna anayethubutu kutaja kilichomkwamisha kwa kuogopa kuonekana mzembe. Mwenye bidhaa ni ofisa mdogo ambaye hana bidhaa wala umiliki. Akiulizwa swali anasema ngoja nimuulize bosi, na bosi yuko safarini Dodoma hadi wiki ijayo. Mzunguko wa wiki mbili unaisha timu ikisubiri jibu la swali moja. Maonyesho ya kazi yanafanywa, lakini walioalikwa ni wakurugenzi, na soda zinanyweka. Karani wa dirishani, yule ambaye vidole vyake ndivyo vitakavyoibeba programu, hakupewa barua ya mwaliko. Na ule mkutano wa kujitathmini, ambao ndio roho ya mbinu nzima, huwa wa kwanza kufutwa pindi kazi zinapobana.

Aidha, iko shida ya mikataba. Tunapotangaza zabuni ya programu, kwa kawaida tunataka kila kitu kiandikwe kabla: kurasa ngapi, vitufe vingapi, tarehe gani, bei gani. Kisha tunamwambia mshindi atumie mbinu ya mizunguko mifupi. Huko ni kumfunga mtu miguu na kumwambia acheze ngoma. Kama kila kitu kimekwisha kuamuliwa, yale maoni ya mtumiaji baada ya wiki mbili yatakwenda wapi? Mkandarasi mwenye akili atayasikiliza kwa heshima, atatikisa kichwa, kisha atafanya kilichomo katika mkataba, maana ndicho atakacholipwa. Wala hatuwezi kumlaumu.

Simaanishi kwamba mipango haina kazi. Programu inayoendesha mashine ya hospitali au mitambo ya ndege haiwezi kujaribiwa kwa abiria. Sheria za fedha za umma nazo zina sababu zake, na mtunza hazina anayeuliza fedha zinakwenda wapi anatimiza wajibu wake. Na hata lile tamko la mwaka 2001 halikusema mpango ni takataka. Lilisema mpango una thamani, ila kuitikia mabadiliko kuna thamani zaidi. Inawezekana kabisa kuugawa mkataba katika vipande vidogo, kila kipande kikiwa na bajeti yake na kitu cha kuonyesha, na kipande kinachofuata kilipiwe baada ya watumiaji wa kile cha kwanza kusema neno lao. Mkaguzi atapata cha kukagua kila mwezi badala ya kungoja miaka mitatu akakague kaburi.

Wapo pia wanaohofia kwamba kazi ya wiki mbili mbili ni ya pupa, na wanatukumbusha kuwa haraka haraka haina baraka. Nadhani methali inayofaa hapa ni nyingine: haba na haba hujaza kibaba. Anayekimbia ni yule anayeruka na mradi mzima kwa mpigo mmoja, akiamini kwamba alijua yote siku ya kwanza. Anayepiga hatua fupi na kutazama chini kila mara, huyo ndiye mwangalifu.

Kwa hiyo, kwa kiongozi yeyote anayefikiria kuileta mbinu hii katika timu yake, kabla hajakodi mtoa semina ningemwomba ajiulize maswali matatu. La kwanza: ni nani hasa mwenye kauli ya mwisho kuhusu bidhaa hii, na je, anapatikana leo hii akihitajika? La pili: mtumiaji wa kawaida, si mwakilishi wa mwakilishi wake, ataiona kazi yetu mara ngapi kabla ya uzinduzi? La tatu, na ndilo gumu zaidi: kijana wa chini kabisa katika timu akisimama kesho asubuhi na kusema jambo hili halifanyi kazi, atashukuriwa au atatafutiwa uhamisho?

Kama majibu ya maswali hayo hayaridhishi, fedha za semina zitakuwa zimepotea bure. Ubao utapambwa, vikao vitaitishwa, na siku ya uzinduzi utepe utakatwa. Lakini mficha maradhi, kifo humwumbua. Kwa programu kifo hicho hakiji kwa kelele. Huja pale karani anapoiacha kompyuta ikiwaka bure, akafungua mtoto wa meza, akatoa daftari lake la zamani na kuanza kuandika kwa kalamu.

Daftari hilo, ndugu wasikilizaji, ndiyo ripoti ya kweli ya mradi. Kiongozi anayetaka kujua mbinu yake imefanikiwa au haikufanikiwa, aende dirishani, aombe kuonyeshwa daftari. Akilikuta lina vumbi, ampongeze kila mtu. Akilikuta limeandikwa leo, basi avute kiti, aketi karibu na karani huyo, na amwombe amweleze kwa nini.